Mzigo Hauishii Shinani

Nikimweleza mtu kwamba kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukokotoa mizigo ya mapanga katika mitambo ya upepo inayoelea baharini, swali la kwanza huwa la dhoruba. Itahimili? Haitapinduka? Ni swali la haki, na jibu lake tunalo. Mitambo mitano ya Hywind Scotland, iliyofungwa kwa minyororo na nanga zaidi ya kilomita 20 nje ya Peterhead, ilizinduliwa Oktoba 2017, na kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imeshapigwa na upepo uliopita kilomita 160 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 8. Ilivuka salama. Upepo ukizidi mita 25 hivi kwa sekunde, mtambo huyageuza mapanga yake mpaka yaukabili upepo kwa ukingo mwembamba, rota inaachwa izunguke polepole bila kuzalisha umeme, na sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa ikiusukuma huondoka.

Upepo ulioninyima usingizi mimi ni ule wa kilomita 40 kwa saa. Ni upepo wa siku yoyote katika Bahari ya Kaskazini, ambao wavuvi hawasimami kuuzungumzia. Chini ya kasi hiyo mapanga hupokea kila yanachoweza kupokea. Juu yake kidhibiti huanza kuyageuza ili jenereta isizidiwe. Pale katikati, kwenye ukingo wa mambo hayo mawili, ndipo rota inaposukumwa kwa nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa kazi yake. Kuna mtambo ambao wahandisi wa dunia nzima huutumia kulinganisha hesabu zao: ulichapishwa na maabara ya NREL ya Marekani mwaka 2009, una megawati 5, panga lake lina urefu wa mita 61.5 na uzito wa kilo 17,740, na haujawahi kujengwa, upo kwenye maandishi tu. Kwenye upepo wa mita 11.4 kwa sekunde, rota yake inasukumwa kwa nguvu ya kiasi cha tani 80. Weka hiyo juu ya mnara wa karibu mita 90, kisha uweke mnara huo juu ya kitu kinachoelea.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka kuliandika hapa. Katika mtambo unaoelea hakuna mzigo ulio wa mtu mmoja. Anayebuni panga, anayebuni mnara, anayebuni boya na anayeandika programu ya kidhibiti, kila mmoja anapopunguza mzigo wake huwa anampa mwenzake, na mara nyingi mwenzake hana habari.

Nianze na panga lenyewe, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Aliyepita Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, akaiona mitambo 365 ya Ziwa Turkana, ameona rota zenye kipenyo cha mita 52. Panga moja tu la Hywind Scotland lina mita 75. Ukilisogelea panga la ukubwa huo likiwa limelala kwenye vishikio vyake, huoni chombo cha kukata upepo. Unaona shina la duara ambalo mtu anaingia akiwa ameinama kidogo, na ndani yake kuna giza na harufu ya epoksi.

Kiongozi wangu wa kwanza katika ukumbi wa majaribio nchini Denmark alikuwa fundi mtu mzima, mwenye mikono iliyokatikakatika na vumbi la nyuzi za kioo. Panga lilikuwa limefungwa shina lake kwenye ukuta wa zege kwa bolti nene, ncha ikining'inia upande wa pili wa ukumbi, na lilikuwa limeshatikiswa kwa wiki nyingi kwa kasi ile ile ya asili yake, juu, chini, juu, chini, mpaka mamilioni ya marudio. Kila baada ya muda mashine ilizimwa, naye akaingia ndani na taa ya kichwani na nyundo ndogo. Alikuwa akigonga taratibu kwa kufuata mstari wa gundi unaounganisha ukuta wa ndani na ganda. Ko, ko, ko. Mlio mkavu, wa kitu kizima. Kisha akafika mahali mlio ukafa, ukawa wa kitu kilichofura. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, akachora kwa kalamu nyeupe duara lisilozidi kiganja. Kwa nje panga halikuwa na mkwaruzo. Vihisio havikuwa vimesema chochote. Aliniambia nitie mkono pale nisikie. Sikuhisi kitu, na hilo ndilo alilotaka nilijue: tabaka zilikuwa zimeachana ndani, na ufa ule ungesafiri kimya kimya mpaka siku utakapotokea.

Kilichoziachanisha hakikuwa kishindo. Panga linapozunguka, uzito wake wenyewe hulipinda upande mmoja likiwa linashuka na upande wa pili likiwa linapanda. Rota inayozunguka mara 12 kwa dakika mfululizo hufanya hivyo zaidi ya mara milioni 6 kwa mwaka. Katika miaka 25 ni zaidi ya milioni 150. Chuma cha madaraja mengi na cha meli nyingi hakikutani na marudio ya kiasi hicho katika muda kama huo. Na nyuzi za kioo zina tabia ambayo kila mhandisi kijana inabidi aambiwe mapema. Katika hesabu za uchovu wa mata, madhara hupanda kwa mzigo uliopandishwa kipeo, na kwa nyuzi za kioo kipeo kinachotumika sana ni 10, wakati kwa chuma ni kati ya 3 na 5. Maana yake ni hii: ongeza asilimia 10 tu kwenye kupinda na kunyooka kwa panga, na madhara yanakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Panga lililobuniwa kuishi miaka 25 linabakiwa na kama 10. Asilimia 10, kwa mtu wa boya au wa mnara, ni tofauti ambayo haimstui hata kidogo.

Sasa tuliondoe panga hili kwenye mwamba tuliweke baharini.

Mtambo unaoelea huegemea nyuma upepo unapousukuma, kisha hurejea mbele, kwa mwendo wa taratibu sana. Boya la aina ya Hywind, ambalo ni silinda ndefu iliyojazwa farumi chini ili isimame wima, huchukua kiasi cha sekunde 30 kwenda na kurudi. Linapokuja mbele, mapanga hukutana na upepo kwa kasi kubwa zaidi. Kidhibiti hakijui kwamba kinachosogea ni mnara. Kinachokiona ni upepo uliozidi, kwa hiyo kinayageuza mapanga yapokee kidogo. Nguvu ya kusukuma inapungua wakati ule ule inapohitajika kuuzuia mnara usiendelee mbele, na mnara unaendelea. Unapoanza kurudi nyuma, upepo unaonekana kupungua, kidhibiti kinayarudisha mapanga, nguvu inapanda na kuusukuma nyuma zaidi. Kila mzunguko unaongeza kidogo juu ya uliopita, na mtambo unakwenda mrama bila dhoruba, bila wimbi la maana, kwa kazi ya kidhibiti ambacho nchi kavu kingesifiwa.

Aliyekulia Mkokotoni kama mimi hahitaji mlingano kulielewa hili. Ngalawa ikiwa imejaza tanga, na mabaharia wamekaa nje kwenye matengo upande unaotoka upepo ili isilale, mshika demani, kamba ya tanga, akiilegeza ghafla bila kuwatazama, chombo kinawalalia wao. Upepo aliouachia ndio uliokuwa ukiwashikilia.

Watu wa Hywind walilishughulikia tatizo hili mapema, kabla ya mtambo wao wa kwanza wa megawati 2.3 kuwekwa nje ya Karmøy, Norway, mwaka 2009. Mwaka 2007 Torben Larsen wa maabara ya Risø nchini Denmark, pamoja na Tor Hanson wa Norway, walichapisha njia ya kulitatua: kidhibiti kifanywe cha polepole kuliko mwendo wa boya lenyewe. Katika mtambo ule wa kwenye maandishi wa NREL, ulipowekwa juu ya boya la aina ya Hywind, kasi ya kidhibiti ilishushwa hadi theluthi ya ile ya nchi kavu. Mtambo ukatulia.

Lakini tuliza mtambo, kisha tazama rota. Kidhibiti kilichofanywa kizito hakiwahi upepo unapopanda kwa ghafla. Rota inakimbia kupita kasi yake, umeme unapanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko kunaingia kwenye panga, kwenye beringi kuu, kwenye jenereta. Mzigo haukuondolewa. Ulihamishwa kutoka kwenye boya kwenda juu. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza kwenye grafu zangu, nilizitazama kwa muda mrefu kabla sijamwita mtu.

Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, panga lilibuniwa nchi moja na boya nchi nyingine. Timu ya boya iliiwakilisha rota kwa namba moja kwa kila kasi ya upepo: nguvu inayosukuma kileleni mwa mnara, basi. Timu ya mapanga ilifanya hesabu zake zote na mnara uliofungwa kwenye mwamba. Kila jedwali, likisomwa peke yake, lilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa katikati, mtu wa kuunganisha. Tulipoziunganisha hesabu katika programu moja inayosukuma upepo, mawimbi, minyororo na kidhibiti kwa wakati mmoja, chini ya mnara mizigo ya uchovu ilipanda vibaya, na kwenye mashina ya mapanga ilipanda kidogo. Mkutano mzima ukaenda kwa mnara, kwa sababu namba zake ndizo zilizotisha. Mtu mmoja wa boya akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba mapanga yako salama, mizigo yake imeongezeka kiduchu tu. Nikamwomba ainue kiduchu hicho kwa kipeo cha 10. Chumba kilinyamaza, si kwa aibu, bali kwa kuwa kila mmoja alikuwa anafanya hesabu.

Sikuwalaumu, na hadi leo siwalaumu. Wanaojenga maboya wanatoka kwenye mafuta na gesi, ambako kilicho juu ya jukwaa ni uzito usiojibu. Wanaojenga mapanga wametoka nchi kavu, ambako kilicho chini ya mnara hakitembei. Kila upande umerithi dunia ambamo upande wa pili hausogei.

Mahali palipowakutanisha watu hawa vizuri kuliko mkutano wowote ni bwawa la mawimbi. Huko mtambo hujengwa mdogo, tuseme kwa mara 50, ukaelea kwenye maji halisi mbele ya ukuta wa feni. Kanuni ya mawimbi inadai kwamba ukipunguza urefu mara 50, uzito lazima upungue mara 125,000. Panga la mita 61.5 na tani karibu 18 linakuwa na mita 1.23 na gramu 142. Nimelishika mkononi panga la namna hiyo: nyuzi za kaboni nyembamba kiasi kwamba ukiliinua mbele ya taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Waya za vihisio zinazoshuka kutoka kileleni zinaweza kuuvuta na kuutuliza mtambo mzima, na tulikuwa tukibishana juu ya waya mmoja kwa muda ambao mtu wa nje angeshangaa.

Jambo gumu zaidi ni upepo wenyewe. Mwaka 2011, katika bwawa la MARIN huko Wageningen, Uholanzi, mradi wa Kimarekani wa DeepCwind uliwapa watu wote somo. Waliyanakili mapanga ya mtambo wa megawati 5 kwa umbo lile lile, mara 50 kwa udogo. Umbo lilikuwa sahihi kila mahali, na nguvu ikatoka kidogo mno. Hewa haipungui pamoja na mfano. Kwa panga dogo na upepo mdogo, hewa inakuwa nzito na yenye kunata, inabanduka kutoka mgongoni mwa panga, na panga linaacha kufanya kazi ya panga. Mwaka 2013 walirudi na mapanga mapya yenye mkato tofauti na mapana zaidi, yasiyofanana na yale ya asili, ila yaliyosukuma kwa nguvu inayostahili. Hayo ndiyo yaliyotoa majibu ya kuaminika. Tangu nilipoisoma taarifa ile, mtu akinionyesha mfano unaofanana sana na kitu chenyewe, namuuliza umefanana kwa lipi.

Mapanga yanaendelea kurefuka. Mwaka 2020 ulichapishwa mtambo mwingine wa kwenye maandishi, wa megawati 15, wenye panga la mita 117. Kama ungelichukua lile la mita 61.5 ukalikuza tu kwa uwiano, ungepata panga la tani zaidi ya 120. Lililobuniwa lina tani kama 65, kwa sababu uti wake ni wa nyuzi za kaboni badala ya kioo, na ganda lake limejazwa vitu vyepesi. Bila hivyo lisingewezekana: umeme hupanda kwa mraba wa urefu, uzito hupanda kwa mchemraba wake, na panga likipinda kwa uzito wake lenyewe, mkazo shinani hukua sambamba na urefu. Kuna siku uzito wa panga unakuwa adui mkubwa kuliko upepo. Kwa haya marefu, siku hiyo imefika.

Wepesi nao una gharama. Panga jepesi hupinda zaidi, ndiyo maana huundwa likiwa limeelekezwa mbele, kuuelekea upepo, ili likisukumwa linyooke badala ya kuugonga mnara. Wengine huzilaza nyuzi kwa mshazari ili panga likipinda lijinyonge lenyewe na kuuachia upepo kabla kidhibiti hakijashtuka. Ni ubunifu ninaoupenda sana. Lakini juu ya boya nautazama kwa makini: panga linalouachia upepo lenyewe wakati mnara unakuja mbele linafanya kazi ile ile ya kidhibiti chenye haraka, na hakuna anayeweza kulibadilishia programu. Mnara nao hubadilika. Ukiondolewa kwenye mwamba na kuwekwa juu ya kitu kinachoelea, mtetemo wake wa asili huwa wa haraka zaidi, na unaweza kuangukia sawasawa kwenye mdundo wa mapanga matatu yanapopita mbele yake. Kwa mtambo wa megawati 15 mdundo huo hufika karibu mara 0.38 kwa sekunde. Ukitaka kuukwepa kwa kuunenepesha mnara, unaongeza chuma kileleni mwa boya, na mwenye boya anaomba farumi zaidi, na boya likiwa zito zaidi, sekunde zake 30 nazo zinabadilika. Kisha tunarudi tena kwa kidhibiti.

Siku hizi, mradi mpya ukinijia, jedwali la kwanza ninaloliomba halina panga ndani yake. Naomba nyakati za asili za boya, za kuegemea, za kupanda na kushuka, za kusota kwenye minyororo. Vijana wa mapanga huniuliza nazitakia nini. Nawaambia waziandike ukutani, juu ya meza zao, kabla hawajachora mkato wa kwanza.

Kuna mizigo ambayo bado hatuijali inavyostahili, na iliyo juu ya orodha yangu ni ya kuvutwa. Mtambo wa nchi kavu ukiharibika, kreni huletwa. Unaoelea hufunguliwa minyororo, ukavutwa na matagi hadi bandarini. Mwaka 2022 mmoja wa Kincardine, nje ya Aberdeen, ulivutwa hadi Rotterdam. Mwaka 2024 yote mitano ya Hywind Scotland ilivushwa Bahari ya Kaskazini hadi Gulen, Norway, kwa matengenezo makubwa, na ikarudishwa. Safarini rota imesimama. Panga lile lile limebaki pembe ile ile kwa siku nzima, likitikiswa na mrama wa boya ambalo halijashikwa na nanga, na mtambo haupati umeme wa kawaida wa kujigeuza. Upepo unaopita kwenye mapanga yaliyosimama hautulizi mtetemo kama unavyoutuliza kwenye mapanga ya mtambo unaofanya kazi. Ni siku chache katika miaka 25, na kwa kipeo cha 10 siku chache zinaweza kuwa na maana yake.

Kwa wenye mitambo hiyo nina ombi moja, na nimelitoa kwenye kila meza niliyokaribishwa. Wakati wa kuvutwa, vihisio vya mashina ya mapanga viachwe vimewashwa, kwa betri ikibidi, na takwimu zake zikifika bandarini zipelekwe kwa wenye panga na kwa wenye boya siku ile ile, katika faili moja.